Ushuhuda wa Kuazima

Tulimzika Okeyo Jumamosi iliyopita, nyumbani kwao upande wa Nyatike, na mhubiri kijana aliyeongoza ibada alisimulia jinsi marehemu alivyofukiwa shimoni Osiri akiwa na miaka ishirini na miwili. Alisimulia vizuri. Alisema Okeyo alipiga magoti gizani, akamwita Mungu, akaimba tenzi moja beti zote, na alipofika ubeti wa mwisho akaona mwanga wa tochi za watu waliokuja kumfukua. Waombolezaji wakasema amina. Mjane wake akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya turubai kwenye safu ya wazee, karatasi ya ratiba imelowa jasho mkononi, na sikusema amina, kwa sababu maneno yale niliyatunga mimi. Ndiyo, mimi Elisha Odongo, shemasi wa kanisa la Baptisti mjini Homa Bay, niliyatunga nikiwa kijana ninayetafuta kupokelewa kanisani. Okeyo alipenda kuwasimulia wajukuu zake kisa hicho kama utani, na naona wajukuu wameshika nusu moja ya utani wakaiacha nyingine. Yeye hakupiga magoti. Mahali alipokuwa hapakuwa na nafasi ya magoti. Nilitaka kusimama niseme hivyo, kisha nikawaza jinsi ambavyo yeye mwenyewe angecheka, nikabaki nimekaa. Nimeona afadhali niandike.

Mwaka huo nilikuwa nimeacha machimbo ya dhahabu. Mimi na Okeyo tulikuwa tumefanya kazi pamoja Osiri misimu miwili, yeye akishuka shimoni kwa kuwa alikuwa mwembamba, mimi nikibaki juu kuvuta kamba na kuponda mawe. Mimi sikuweza kushuka. Nilijaribu mara moja, kifua kikanibana kabla sijafika urefu wa watu watatu, wakanivuta juu nikitetemeka. Kwa hiyo niliposikia kwamba Mzee Salim anatafuta kijana wa kupakia mizigo kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, nilihamia Homa Bay bila kufikiri mara mbili. Mzee Salim alikuwa Mwislamu kutoka pwani, ameishi kwetu miaka mingi hata akajua kugombana kwa Kijaluo, ingawa kusifu mtu alisifu kwa Kiswahili tu. Alinipa chumba nyuma ya duka. Ukuta mmoja ulikuwa mabati yaliyosimamishwa, mwingine mifuko ya saruji, na kila nilichokula mle kilikuwa na vumbi la saruji kidogo. Asubuhi mkewe alinitumia chai ya tangawizi na mahamri mawili. Sikuwa na shida yoyote. Nilikuwa tu mtu ambaye hakuna anayemngoja mahali popote, na hilo sikujua kama lina jina.

Kanisa lilikuwa nyumba ya mabati chini ya kilima cha Asego. Nilianza kwenda mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa tano nilikuwa kwenye darasa la ushirika. Mchungaji wetu, Marwa, alikuwa Mkuria kutoka mpakani, kwa hiyo ibada ilikuwa kwa Kiswahili, na ibada ikiisha tu watu wakarudia Kijaluo kama watoto waliotoka darasani. Darasa lilifanyika sebuleni kwake kila Jumamosi alasiri. Viti vilivalishwa vitambaa vya kufuma ambavyo ukiinuka vilikufuata mgongoni, na mkewe alituletea viazi vitamu vya kuchemsha kwenye sinia, na chai iliyokolea maziwa. Tulikuwa sita. Mchungaji alitufundisha kwamba kwetu mtu habatizwi kwa sababu wazazi wake walitaka. Anabatizwa kwa kuwa yeye mwenyewe ameamini, tena hawi mshirika mpaka kanisa lote limemsikia na kuinua mikono. "Kila mmoja atasimama," alisema, "aeleze jinsi Bwana alivyomfikia." Wenzangu walikuwa na ya kueleza. Kulikuwa na mama aliyepika pombe ya chang'aa miaka kumi, na siku aliyookoka alivunja mitungi yake kwa mikono yake. Kulikuwa na fundi wa baiskeli aliyekuwa akimpiga mkewe; alipofika hapo alishindwa kuendelea, na mkewe, aliyekuja kumsindikiza, akamalizia. Jumamosi baada ya Jumamosi niliwasikiliza huku nikila viazi, nikiyapekua maisha yangu kama mtu anayepekua mfuko wa koti, na sikupata kitu.

Ni katika majuma hayo Okeyo alinitembelea dukani, anachechemea. Aliniambia kwamba shimo lilimwangukia, akakaa chini kutwa nzima, wakamtoa jua likishuka. Alisimulia akiwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, akicheka, akinionyesha mguu. Nilimnunulia chakula, akala, akarudi Osiri. Majuma matatu baadaye ilifika Jumapili ya ushuhuda.

Naapa sikupanga. Wenzangu wote walikuwa wamemaliza, watu wametokwa machozi, nikaitwa wa mwisho. Nilisimama niseme jina langu na nilikotoka. Nikasema Osiri, na niliposema Osiri nikaona vichwa vimenyanyuka. Nikasema nilikuwa mchimbaji. Mama mmoja akaguna kwa huruma. Baada ya hapo ulimi ulikwenda peke yake, kama gari lililoachiwa mlimani: shimo likaanguka, mguu ukabanwa, giza, magoti, maombi, tenzi, mwanga. Nilipokaa, kanisa lilikuwa limesimama. Mikono yote ilinyooshwa juu, hakuna hata mmoja uliobaki chini, na Mchungaji Marwa akatangaza kwamba nimekubaliwa, nabatizwa mwezi ujao. Sitadanganya sasa: nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kutoka kwenye benchi hadi mlangoni.

Mlangoni alinisubiri Mama Dorka. Nilimfahamu kwa sura tu, mama mfupi wa kitambaa cheupe ambaye hakukosa ibada. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Wuoda," alisema, yaani mwanangu, "Jumapili ijayo utakula kwangu." Fundi wa baiskeli ndiye aliyeniambia, tukirudi mjini, kwamba kijana wa mwisho wa Mama Dorka, Opiyo, alifia shimoni Macalder miaka miwili kabla, na walimtoa siku ya tatu.

Juma hilo wateja walikuja dukani kumwona kijana wa shimoni. Mmoja aliniomba nimshike mtoto wake kichwa. Mzee Salim alitazama haya yote akiwa nyuma ya kaunta na kikombe chake. Mteja wa mwisho alipotoka, aliniita. "Kijana, shimo hilo la Osiri liliporomoka juma lile la mvua kubwa, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Juma lile si ulikuwa hapa, unanipakia mabati ya shule?" Nilishika ufagio nikaanza kufagia saruji. Hakurudia. Alirudi kwenye chai yake, na kwa siku mbili alinituma kwa upole kuliko kawaida, jambo lililoniumiza kuliko kama angenifokea.

Bado nilikwenda kwa Mama Dorka. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya udongo vilivyosilibwa vizuri, sakafu imefagiliwa hadi inang'aa, na ukutani picha ya Opiyo akiwa amevaa tai ya kuazima kwa mpiga picha. Alikuwa amechinja kuku. Kulikuwa na ugali wa mtama, na mboga za sagaa zilizopikwa kwa maziwa siku mbili. Alininawisha mikono mwenyewe, akaketi mbele yangu kwenye kigoda, hakula. "Sasa niambie," alisema. "Mimi nimeuliza watu wengi. Wote walikuwa juu. Wewe ulikuwa ndani. Mtoto wangu alisikia nini mle?" Nilipaswa kusimama wakati ule. Badala yake nilimwambia kwamba mle ndani kuna amani. Nilisema mtu huhisi mikono imembeba. Nilisema Opiyo hakuogopa hata kidogo, naye akalia, akasema ero kamano, asante, asante, akanisogezea paja la kuku. Nilikula chakula chote, kwa sababu kukibakiza kungemfanya aniulize nina nini. Hakuna chakula ninachokikumbuka vizuri zaidi ya kile, na sikumbuki ladha yake.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilimkuta Mchungaji Marwa uani akitengeneza banda la kuku. Nilimwambia yote bila kukaa. Alinisikiliza huku ameshika msumari mdomoni, kisha akautoa. Nilitegemea anikemee au anisamehe, nimalize. Alisema, "Kwa hiyo kanisa liliinua mikono kumpokea mtu mwingine. Yule wa shimoni. Wewe, Elisha, bado hatujakusikia." Nikamuuliza nifanye nini. "Mimi nitawaambia washirika kwamba kura ile imefutwa. Sababu utaisema wewe siku utakapokuwa tayari. Miezi mitatu, si chini ya hapo. Lakini kwa Mama Dorka hutangoja miezi mitatu. Kwa Mama Dorka unakwenda leo."

Nilimkuta akichagua karanga kwenye ungo. Nilipomaliza kusema, mikono yake haikusimama. Mbovu kulia, nzima kushoto. "Basi aliyekuwa ndani ni nani?" aliuliza mwishowe.

"Rafiki yangu. Anaitwa Okeyo. Yuko Osiri."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Mlete." Aliinua uso, na sijawahi kutazamwa hivyo tangu siku ile. "Wewe sina haja nawe. Mlete yeye."

Mzee Salim alinipa ruhusa ya siku moja bila kuuliza ninakokwenda. Okeyo nilimkuta kando ya mawe ya kusagia, uso mweupe kwa vumbi, nyundo mkononi. Nilimweleza. Mwanzoni alidhani ninamtania. "Mimi niliomba?" Nikasema ndiyo. "Na nikaimba?" Beti zote, nikamwambia. Alicheka hadi akakaa chini. "Omera, ndugu yangu, mimi siimbi hata nikilewa. Umeniokoa bila kuniuliza!" Wachimbaji wengine wakageuka kutazama. Halafu nikafika kwa Mama Dorka, nikamwambia nilivyomjibu kuhusu mwanawe, na kicheko kikaisha usoni mwake kidogo kidogo. Aliweka nyundo chini. "Hilo la magoti ni letu sisi wawili, nitacheka mpaka nizeeke," alisema. "Lakini hilo la mtoto wa mwenyewe, hilo halikuwa lako kusema." Alijipangusa vumbi usoni. Kisha akauliza, "Huyo mama anakaa wapi?"

Alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa shati la kaka yake na viatu vilivyosuguliwa kwa majani. Mama Dorka alimkaribisha ndani, akanionyesha baraza. "Wewe kaa hapo." Dirisha lilikuwa wazi, nami nikasikia kila neno, na sijui kama alitaka nisikie au hakujali.

"Kulikuwa na giza?"

"Giza kabisa, mama. Ukifumba macho, ukifumbua, ni lile lile."

"Ulilia?"

"Mwanzoni. Halafu nikaona nikilia hewa inaisha, nikaacha."

"Ulimwita Mungu?"

"Hapana, mama. Sikumkumbuka, na unisamehe. Nilimwita mama yangu. Alikufa nikiwa mdogo, hata sura yake siijui vizuri. Lakini ndiye niliyemwita."

Nikasikia kigoda kikisogezwa. "Na maumivu?"

"Mguu uliuma sana, halafu ukaacha. Baadaye ni usingizi tu. Usingizi mzito, mtamu, sikudanganyi. Waliponigusa niliwakasirikia kwa kuniamsha."

"Opiyo naye alilala?"

"Sijui, mama. Sikumjua Opiyo. Ninajua yangu peke yake."

Kuku wakapita barazani wakichakura miguuni pangu. Kisha Mama Dorka akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kumbe huenda aliniita mimi."

"Kama alipata nafasi ya kuita mtu," Okeyo alisema, "alikuita wewe. Hilo nina hakika nalo."

Mama Dorka alilia, na hakikuwa kilio cha Jumapili ile nilipomlisha uongo. Kile kilikuwa cha kushukuru. Hiki kilikuwa cha mtu anayetua mzigo na kugundua mabega yalivyomuuma. Baadaye nikasikia sahani. Alitoka, akaniwekea ugali na samaki juu ya benchi la baraza, akarudi ndani bila kusema kitu. Hakuniita mezani. Nilikula pale nilipo, nikimsikia Okeyo akimchekesha ndani, na niliona ni haki.

Siku hizi mimi ndiye ninayekaa na darasa la ushirika. Vijana hunijia na wasiwasi ule ule, hasa wale waliokulia katika nyumba nzuri, ambao hawajawahi kulewa wala kuugua sana, na huniuliza, baba shemasi, mimi nitasema nini? Wengine wamesikia shuhuda za kwenye simu, za watu waliokufa wakafufuka, nao wanaona haya. Huwa siwaambii kisa changu chote. Huwaambia waseme walipokuwa wamesimama na walichokiona wakiwa hapo, wasiongeze hatua hata moja. Wananitazama kama mtu asiyejua mambo. Lakini nimeona kwamba anayeongeza, hata kama kanisa zima linampigia makofi, anarudi kwenye benchi akiwa peke yake kuliko alivyoondoka. Miezi ile mitatu nilikwenda ibadani kila Jumapili nikijua kwamba wote wanajua kuna jambo. Watu hawakuninyima mkono. Hawakuuliza. Fundi wa baiskeli alianza kunipitia dukani asubuhi ili twende pamoja, na njiani tulizungumza habari za minyororo na breki.

Ilipofika siku yangu, washirika walibaki baada ya ibada, joto likidunda juu ya mabati. Nilisema hivi, na ninayakumbuka kwa sababu yalikuwa machache: "Ushuhuda ule wa kwanza haukuwa wangu. Niliuiba kwa rafiki, na niliumiza mtu kwa ajili yake. Wangu ni huu. Mwezi wa tatu mvua ilinikuta barabarani, nikaingia hapa kujikinga. Viatu vyangu vilikuwa na matope, sikutaka kukaa. Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma alisogea bila kugeuka, akafungua kitabu chake cha nyimbo katikati yetu. Jumapili iliyofuata nilirudi nione kama atasogea tena. Akasogea. Ya tatu nikaanza kusikiliza kinachosemwa, na nikakiamini. Ni hayo tu."

Mzee mwenyewe, Jaduong' Nashon, alikuwa hasikii vizuri. Alimgeukia jirani yake akauliza kwa sauti iliyofika mbele, "Amesema nini?" Akajibiwa kwamba ninasema alisogea. "Nilisogea wapi?" Watu wakacheka, hata Mchungaji. Ndipo mweka hazina, mtu makini, akasimama. Alisema hana ubaya na mimi, ila anataka kujua: tulidanganywa mara moja, tutajuaje kwamba huu nao si wa mtu mwingine? Kicheko kikafa. Mpaka leo sidhani swali hilo lina jibu. Mama Dorka akanyanyuka taratibu kwenye benchi lake. "Ndugu zangu," alisema, "ushuhuda mdogo namna hii, nani angeuiba?"

Mikono iliinuliwa. Miwili ilibaki chini, mmoja ukiwa wa mweka hazina. Miaka ishirini baadaye tulihudumu pamoja katika baraza la mashemasi, na ni yeye aliyependekeza jina langu.

Nilibatizwa asubuhi ya Jumapili, ziwani. Vijana walikuwa wamesukuma magugu-maji kwa fito hadi pakapatikana mahali peupe pa kusimama. Joho nililoazimwa lilinifika magotini. Mchungaji Marwa alinishika mgongo na kifua, akauliza kama ninaamini, nikasema ninaamini, na kabla maji hayajanifunika nilihisi ule ubano wa shimoni, ule ule ulionifanya nivutwe juu kwa kamba nikitetemeka. Halafu maji yakanifunika, nikawa ndani, na nikatolewa. Haikuchukua hata muda wa kuogopa. Nilipofuta macho nilimwona Mama Dorka ufukweni amekunjua leso, ananingoja, na alinifunika mabegani akakaza fundo kwa nguvu kama mtu anayemfunga mtoto asipigwe na baridi. "Jumapili ijayo utakula kwangu," alisema. "Ndani."

Tulirudi kanisani nikiwa na nywele mbichi. Baada ya Meza ya Bwana, tulisimamishwa mbele, mimi na wenzangu wa darasa lililofuata tuliopokelewa siku hiyo, na washirika wakapanga mstari kutupa mkono wa ushirika. Walipita mmoja mmoja: Jaduong' Nashon, mama wa mitungi, fundi wa baiskeli na mkewe, mweka hazina aliyenishika kwa uthabiti na kusema, "Karibu, ndugu." Nilikuwa nimeacha kutazama nyuso, ninashika tu mikono inayokuja, mara nikashika mmoja mgumu kama gome. Nikainua macho. Alikuwa Okeyo, na shati la kaka yake. Sikujua hata kama amekuja.

"Omera, huu mstari ni wa washirika," nilimnong'oneza.

"Nimeona watu wamepanga foleni," alisema, "nikajua ni ya chakula." Lakini hakuuachia mkono wangu. Mchungaji Marwa alimtazama, akanitazama, akageukia upande mwingine kana kwamba ana la kufanya na kitabu chake. Nyuma ya Okeyo mstari ulisimama ukangoja, hakuna aliyemsukuma.

"Basi sasa wewe ni mmoja wao," Okeyo alisema.

"Ndiyo."

"Kwa jina lako mwenyewe?"

"Kwa jina langu mwenyewe."

Akatikisa kichwa, ameridhika, akaushika mkono wa mwenzangu aliyefuata, na wa aliyefuata, mpaka mwisho wa safu.